Unaishi ughaibuni na unataka kununua pikipiki Dar es Salaam: kadi iandikwe jina la nani?

Mwana wa Kurasini (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, na wadogo habari zenu. Nipo Dar es Salaam kwa likizo ya wiki tatu, nimefikia nyumbani Kurasini, na ninapoandika haya pikipiki yangu imeegeshwa chini ya mwarobaini, ikisubiri dereva wake amalize kunywa chai na mama yangu. Ni pikipiki ya pili kuinunua katika mji huu nikiwa ninaishi Leicester, Uingereza. Ya kwanza ilinitoka mkononi, si kwa wizi wala kwa ajali, bali kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye kadi yake ya usajili. Huko ughaibuni nakutana mara kwa mara na Watanzania wenzangu wanaotuma fedha kwa namna ileile niliyotuma mimi mwaka 2018, na sitaki yawakute yaliyonikuta.

Mwaka huo mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye kwa taratibu zetu ni kaka yangu na hatuna neno la kumtenga na wa tumbo moja, alikuwa amepoteza kazi ya udereva. Tulikubaliana kwa simu kwamba nitanunua pikipiki, yeye ataendesha bodaboda Mtoni Kijichi, atakula humo humo, na kila Ijumaa atampelekea mama fedha ya matumizi. Nilituma fedha, akaenda Kariakoo, akachagua Boxer mpya. Muuzaji alipouliza kadi iandikwe jina la nani, kaka alinipigia, nami nikajibu bila kutafakari: andika lako, mimi niko mbali, usijisumbue.

Kwa miaka miwili haikupita Ijumaa mama asipate chake. Mwaka 2020 kaka aliugua, akalazwa, na baada ya wiki tatu Mungu akamchukua. Msiba ulipokwisha, wazee walikaa kutaja mali za marehemu, na pikipiki ikatajwa. Nikasema kwa simu kuwa ile ni mali yangu. Shemeji yangu, mjane mwenye watoto wawili, akaitoa kadi kwenye mkoba na kulisoma jina la mumewe mbele ya wazee. Hakuwa mwongo wala hakuwa na tamaa. Mumewe hakuwahi kumweleza tulivyokubaliana, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema vinginevyo. Nilikuwa nimeutunza ujumbe wa kutuma fedha, lakini ujumbe ule ulionyesha tu kwamba nilimtumia ndugu yangu fedha. Haukusema kama ilikuwa mtaji, mkopo au zawadi. Mahakama ya Mwanzo ilimteua msimamizi wa mirathi, pikipiki ikaorodheshwa, ikauzwa, na fedha ikagawanywa kwa warithi. Sikupinga, kwa sababu nisingeweza kusimama kudaiana na yatima. Hata hivyo mama alikosa chake, na mimi na shemeji tulikaa karibu mwaka mzima bila kusemezana. Hilo la mwisho linaniuma hadi leo kuliko fedha yenyewe.

Msimamo wangu, baada ya hayo, ni kwamba kadi iseme ukweli tangu siku ya kwanza. Kama unampa ndugu pikipiki, basi mpe, kadi iandikwe jina lake, na wewe uache kuidai moyoni. Kama ni biashara yako au mali yako, kadi iandikwe jina lako hata kama uko nje, na aliyeko nyumbani apewe mamlaka ya kukuwakilisha kwa maandishi. Njia ya katikati, yaani fedha yako, jina la mwingine, na makubaliano yaliyobaki kwenye simu, inaonekana nyepesi kwa sababu tu gharama yake hailipwi siku ya kununua.

Wengi hudhani kuwa mtu aliye nje hawezi kusajili chombo kwa jina lake. Anaweza. Usajili Tanzania Bara unafanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na kinachotangulia ni namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, ambayo hutolewa bure na ambayo kwa Mtanzania hufungamanishwa na namba ya NIDA. Ukiwa na namba yako ya NIDA, ile yenye tarakimu 20 zinazoanza na mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, ombi la TIN unaweza kulianzisha mtandaoni. Nawasihi hakikisheni kwamba jina la NIDA, la pasipoti na la TIN ni moja, herufi kwa herufi. Mimi pasipoti ilikuwa na majina mawili na NIDA matatu, na kila dawati nililopita nililazimika kueleza upya kwamba ni mtu mmoja.

Hapa lipo jambo linalowachanganya tunaotoka Uingereza. Kule, hati ya usajili inayoitwa V5C inatamka yenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki; inamtaja mtunzaji wa chombo, yaani anayewajibika kwa kodi na kwa polisi, na mwenye mali anaweza kuwa mwingine. Ukishazoea hivyo unakuja Dar es Salaam ukidhani kadi ni jambo la utaratibu tu. Huku kadi ndiyo inayowekwa mezani kila mahali: polisi, benki, kwa mnunuzi, kwenye kikao cha msiba. Asiye na jina kwenye kadi ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Pikipiki hii ya pili niliinunua nikiwa Leicester, na dada yangu mdogo ndiye aliyekwenda dukani. Nilimwomba mambo mawili. La kwanza ni risiti ya mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, yenye jina langu na TIN yangu, kwa sababu ule wito wa TRA wa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" unakuhusu zaidi ukiwa mbali, maana risiti ndiyo inayounganisha fedha yako na chombo. La pili lilikuwa asilipe kabla ya kuzisoma namba zilizogongwa kwenye chuma chenyewe, si zile za kwenye ankara. Akaenda na kitambaa, penseli ya mbao na karatasi nyeupe. Kwenye Boxer namba ya chesesi imegongwa shingoni mwa fremu, upande wa kulia, pale usukani unapozungukia, na namba ya injini iko ubavuni mwa injini upande wa kushoto, karibu na pedali ya gia. Alifuta grisi ya kiwandani, akabandika karatasi juu ya namba, akaisugua kwa ubavu wa penseli hadi herufi zikajitokeza nyeupe katikati ya weusi. Kisha akanipigia kwa video, tukazisoma moja moja, yeye kwenye karatasi na mimi kwenye ankara aliyonitumia.

Herufi na tarakimu za namba ya chesesi zilikuwa 17, zikianza na MD2, alama ambayo kiwanda cha Bajaj cha India hutumia. Tulipofika ya kumi na mbili, karatasi ilionyesha sifuri na ankara ilionyesha herufi O. Kijana wa dukani alisema ni kitu kilekile. Si kitu kilekile: namba ya chesesi ya kimataifa yenye tarakimu na herufi 17 haitumii kabisa herufi I, O wala Q, na sababu ni hiyohiyo, zisichanganywe na moja na sifuri. Hati ya forodha iliyoingiza mzigo ule ilikuwa na sifuri. Kama ankara ingekwenda ilivyo, ningekuwa na nyaraka za pikipiki ambayo haipo duniani, na siku ya kuuza au ya kudai bima ningeanza safari ya kurekebisha nikiwa umbali wa saa nyingi za ndege. Dada alisimama pale hadi ankara ikaandikwa upya. Nimemwachia karatasi ile ya penseli aitunze kwenye bahasha moja na kadi.

Kuhusu ada nitasema kwa ufupi. Bajeti ya mwaka 2016/17 ilipandisha ada ya usajili wa pikipiki kutoka shilingi 45,000 hadi 95,000, na ile leseni ya mwaka ya vyombo vya moto, ambayo wazee bado wanaiita road licence, ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo mtu asikudai fedha ya "stika ya barabara" ukiwa nje. Malipo ya serikali yanapita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, na namba hiyo unaweza kuilipa mwenyewe badala ya kutuma fedha taslimu kwa mtu akulipie. Kibao cha pikipiki huanza na herufi MC. Cha matumizi binafsi ni cha njano na cha biashara ni cheupe. Msidharau rangi hiyo. Pikipiki iliyosajiliwa na kukatiwa bima kama ya binafsi, kisha ikabeba abiria kwa nauli, inakupa bima ambayo siku ya ajali inaweza kukataliwa.

Na bima si hiari. Sheria inamkataza mtu kutumia chombo barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na inamkataza vilevile kumruhusu mwingine akitumie bila bima hiyo. Neno "kumruhusu" ndilo linalomgusa mwenye mali aliye ughaibuni. Stika ya bima unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa namba ya pikipiki, na faini za barabarani unaweza kuzitazama kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa namba hiyohiyo. Mimi huangalia kila Jumapili usiku, na dereva wangu anajua kwamba naangalia.

Dereva huyo tuliandikiana naye mkataba mbele ya wakili: hesabu, yaani malipo yake kwa mwenye chombo, ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 65, na baada ya hapo pikipiki ni yake. Zimebaki wiki mbili. Mpango wangu ni kwamba dada atashughulikia uhamisho wa umiliki nitakapokuwa nimesharudi kazini. Nakaribisha maswali, na aliye na uzoefu tofauti naomba anisahihishe.

Binti Rufiji

Kaka, pole sana kwa msiba ule wa kaka yako, na ahsante kwa kuuandika ulivyokuwa, bila kumchafua shemeji. Mimi ninafanya kazi Muscat, na nina mdogo wangu Mbagala anayetaka pikipiki ya kusambazia mkaa na maji. Sasa nauliza kuhusu hiyo hati ya kumpa mtu mamlaka. Nikiandika barua kwa mkono na kuweka sahihi, nikamtumia picha kwa simu, haitoshi?

Mwana wa Kurasini

Dada, haitoshi. Inayotakiwa ni hati ya uwakilishi wa kisheria, iliyosainiwa na wewe mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia. Mimi niliisaini nikathibitishiwa katika ubalozi wetu London, pale Stratford Place, na kwa upande wako ubalozi wa Tanzania upo Muscat. Nakala halisi ndiyo inayosafiri, si picha, na ikifika nyumbani inalipiwa ushuru wa stempu.

Kilicho muhimu zaidi ni maneno ya ndani. Hati ya rafiki yangu mmoja ilisema tu "anisimamie katika mambo yangu yote", na ofisini wakamuuliza mwakilishi wake ni mambo gani hayo. Yako itaje kununua pikipiki, kuisajili kwa jina lako, kupokea kadi na kibao, kukata bima, na kufuatilia polisi ikikamatwa. Kuuza na kuhamisha umiliki ni mamlaka ya peke yake: kama unataka awe nayo, yaandikwe, kama hutaki, iandikwe wazi kwamba hana. Na weka tarehe ya mwisho wa hati. Mdogo wako ni wa kuaminika, sina shaka, lakini hati isiyo na mwisho inaweza kukutwa kabatini na mtu mwingine miaka kumi baadaye.

Kama hiyo ya mkaa na maji ni kazi yake yeye na wewe unamsaidia tu aanze maisha, rudi kwenye swali la kwanza. Labda ni zawadi, dada. Na kama ni zawadi, huna haja ya hati yoyote. Aende na NIDA yake na TIN yake, aandikishe.

Binti Rufiji

Umenifikirisha. Nilikuwa naita biashara, lakini ukweli sijawahi kupanga anirudishie hata shilingi. Itakuwa ya kwake.

Mzee wa Ilala Sharifu Shamba

Mwanangu, nimeisoma mada yako hadi mwisho na nimekuhurumia, lakini sikubaliani nawe kwa yote. Sisi tulilelewa kwamba damu ni nzito kuliko maji. Ukimwambia ndugu yako aliyekulia mgongoni mwa mama mmoja kwamba twende kwa wakili kwanza, umekwishamwambia kwamba humwamini. Nimeona udugu ukivunjika kwa kudaiana karatasi, tena mapema, kabla hata ya hiyo pikipiki kuwasha taa.

Mwana wa Kurasini

Mzee wangu, shikamoo. Nimeipokea nasaha yako, na kwa kweli ndiyo hofu iliyonifanya mwaka 2018 niseme "andika lako". Naomba uniruhusu nijibu kwa yaliyotokea. Mimi na kaka hatukugombana hata siku moja. Hakunidhulumu. Aliyebaki kuulizwa ni mtu ambaye hakuwapo tulipozungumza, na mwingine ni mimi niliyekuwa mbali, na aliyejua ukweli tulikuwa tumekwishamzika. Karatasi ile ingemfaa shemeji kuliko mimi. Angejua tangu mwanzo kipi ni cha wanawe na kipi si chao, wala asingesimama mbele ya wazee na kadi mkononi akionekana kama anayenyang'anya. Waliotutangulia walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakusema mali ya wageni peke yake.

Namna ya kulisema kwa ndugu bila kumuumiza, hapo nakubali kwamba kunahitaji busara. Dada yangu nilimwambia hivi: nikifa huko baridini, nani atakulinda wewe uliyeshika funguo? Akaelewa mara moja.

Mzee wa Ilala Sharifu Shamba

Hapo kwa mjane umenigusa. Marahaba, mwanangu.

Wakala wa Bandarini

Mtoa mada ameeleza vizuri upande wa kununua hapa hapa. Mimi ni wakala wa forodha na naomba niongeze upande wa wale wanaotaka kurudi na pikipiki zao wenyewe, maana kila mwaka napokea simu za watu ambao meli imekwishang'oa nanga na hawajui kinachowasubiri.

Pikipiki inayoingizwa nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 kwa viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukikokotolewa juu ya bei ya chombo pamoja na bima na nauli ya meli. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuja juu ya jumla hiyo ikiwa pamoja na ushuru, na zipo tozo nyingine ndogo. Kwa hiyo mtu aliyenunua kwa bei ya kutupa huko anashangaa kukuta kodi inakaribia nusu ya thamani ambayo forodha imeikubali.

Upo msamaha, na wengi hawaujui au wanaufahamu vibaya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inampa nafuu mtu anayehamisha makazi yake kurudi nchini: anaweza kuingiza chombo kimoja cha moto bila ushuru ikiwa yeye mwenyewe amekimiliki na kukitumia nje ya Jumuiya kwa muda usiopungua miezi 12. Sikilizeni masharti. Anayehamisha makazi, si anayekuja likizo. Amekimiliki mwenyewe, yaani nyaraka za huko ziwe kwa jina lake, si la mwenzake wa nyumba. Na amekitumia, si kwamba amekinunua mwezi uliopita kwa ajili ya safari. Aliyeko Uingereza aitaarifu DVLA, mamlaka ya huko ya usajili wa vyombo vya moto, kwamba chombo kinatoka nchini humo kabisa, na asafiri na V5C yake, akiwa ameondoa tu kile kipande kinachotumwa kwao cha taarifa ya kusafirisha nje.

Baada ya hayo yote, tafakarini spea. Pikipiki ya injini ya 650 ni nzuri kuitazama, lakini bushi na kebo za Boxer au TVS unazipata Kariakoo na kwa fundi wa mtaani kwako, wakati za ile kubwa utaziagiza na kuzisubiri. Zanzibar nayo ina usajili wake na kibao chake cha herufi Z. Msinunue Unguja mkidhani mtavuka nayo tu kwenye boti.

Msafiri wa Kati

Swali moja kwa mtoa mada au wakala. Mimi nilishachukua uraia wa Marekani, na kwa sheria yetu ya uraia ina maana nimepoteza wa Tanzania. Ardhi najua siruhusiwi kuimiliki kama zamani. Je, hata pikipiki?

Wakala wa Bandarini

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa ilizuia umiliki wa ardhi kwa asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji, na pikipiki si ardhi. Asiye raia anaweza kuwa na chombo cha moto kwa jina lake. Kinachobadilika kwako ni utambulisho: TIN utaiomba kwa pasipoti yako na kwa hadhi uliyoingia nayo nchini, si kwa kitambulisho cha raia. Kama bado una kitambulisho cha zamani cha uraia, usikitumie, maana utakuwa umetoa tamko lisilo la kweli kwenye hati ya serikali kwa ajili ya kitu ambacho ungekipata kihalali.

Dereva wa Tegeta Nyuki

Wakuu, mimi ni dereva wa bodaboda na nimesoma uzi wote nikiwa kijiweni. Wote mmezungumza upande wa mwenye fedha, naomba na mimi nisikike.

Nilichukua pikipiki kwa mkataba kutoka kwa ndugu mmoja aliye nje. Nililipa hesabu mwaka mzima na miezi miwili. Nilimaliza. Nilipoomba uhamisho, mwakilishi wake akasema yeye kazi yake ni kupokea fedha tu, hana ruhusa ya kusaini. Mwenye mali alikuwa amebadilisha namba. Nilikaa miezi saba nikiendesha pikipiki yangu mwenyewe yenye jina la mtu mwingine. Sikuweza kuiweka dhamana kikundini. Niliposimamishwa barabarani niliulizwa mwenye kadi ni nani, na kila mara nilieleza kama mtuhumiwa. Faini kwa sisi wa pikipiki na bajaji zilipunguzwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000, na tunashukuru, lakini hakuna faini ndogo kama hujui kesho chombo ni chako au si chako. Leseni yangu ya daraja A niko nayo, kofia mbili ninazo, leseni ya biashara ya kubeba abiria inafuatiliwa kwa jina la mtu aliye Ulaya. Hatimaye alipatikana na akasaini, simlaumu zaidi.

Ndiyo maana, mkuu mwanzisha uzi, nimeshtuka uliposema umebakiwa na wiki mbili za mkataba, wewe upo hapa Dar es Salaam kwa mguu wako, halafu uhamisho unamwachia dada. Hiyo hati uliyompa dada inataja kuuza? Na kama haitaji, huyo dereva wako atamfuata nani?

Mwana wa Kurasini

Ndugu yangu wa Tegeta, nimesoma ujumbe wako mara mbili, kisha nikaenda kuitoa hati kwenye bahasha. Inataja kununua, kusajili, kadi, bima na polisi. Kuuza na kuhamisha niliandika kwamba hana mamlaka, kwa hofu yangu ya mwaka 2020, na nikasahau kwamba siku ya kuhamisha ingefika. Nilijikinga upande mmoja na kumwacha kijana wa watu upande wa pili mahali palepale niliposimama mimi mbele ya wazee. Nimekosea, na nakushukuru.

Jioni hii nimekaa na dereva hapa chini ya mwarobaini. Nimemweleza kwamba wiki mbili zilizobaki, ambazo ni shilingi 120,000, atazilipa kama kawaida kwa mama, na tumeandika hivyo kwenye karatasi ya nyongeza ya mkataba, lakini kadi haitasubiri. Kesho asubuhi tunakwenda pamoja.

Mwana wa Kurasini

Nimerudi kutoa taarifa. Tulianza kwa wakili, tukasaini mkataba wa mauziano, kila mmoja akiwa na kitambulisho, TIN na picha zake. Kutoka hapo tulikwenda ofisi ya TRA na kadi halisi, tukalipia uhamisho na ushuru wa stempu kwa namba ya kumbukumbu, na maombi yamepokelewa. Afisa aliomba kuiona namba ya chesesi, na dereva akaitoa mfukoni ile karatasi ya penseli, ambayo dada alikuwa amempa asubuhi. Afisa aliisoma hadi kwenye ile sifuri, akailinganisha na kadi, akamrudishia.

Dereva ameniomba nisimalize likizo kabla kadi mpya haijatoka, na nimemwambia nipo hadi tarehe 23. Bahasha sasa anaitunza yeye. Ameandika juu yake jina lake, na chini yake jina la mkewe.